Nimelishika! Deraya ya Chini ya Bahari Iliyopimwa kwa Mkono wa Baharia Wake

Jamani, nimelishika! Vidole bado vinanuka gundi na karafuu, moyo bado unanienda mbio, na hapa naandika haraka haraka maana nikilala tu kuna kitu nitakisahau, na katika gari lile hakuna hata kimoja cha kusahauliwa. Nimelifungua milango, nimelisukuma mbele na nyuma, nimelala kifudifudi sakafuni mpaka jicho langu likawa usawa wa kidirisha chake, nikachungulia ndani, nikaona kiti, nikaona usukani, nikaona mtu kakaa. Kakaa! Kakaa barabara, magoti yamekunjika, nyayo zimefika chini, mikono imeushika usukani, macho yanatazama nje kupitia kioo. Wewe sahibu yangu unayesoma, kama umewahi hata siku moja kuchukua kijisanamu cha askari ukajaribu kukitia ndani ya gari la kuchezea, unajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Kwa kawaida hakiingii. Kikiingia, kichwa kinatokeza juu ya paa. Au kinapotea humo ndani kama punje ya mtama ndani ya pipa. Hili limemkaa mtu wake mwilini, skwambii!

Liko Wete, Pemba, barazani kwa kijana mmoja aliyekulia kwenye banda la mafundi wa vyombo, na ni modeli ya gari la deraya la kubuni kabisa, la zama ambazo hakuna hata mmoja wetu atakayezifikia. Magurudumu manane. Pua butu. Mgongo umeinama kidogo kama wa kasa. Na kazi yake, sikiliza hapa, ni kutambaa chini ya Mkondo wa Pemba! Mkondo ule ule unaotutenganisha na Tanga, wenye kina cha mamia ya mita, ambao sisi tumezoea kuuvuka kwa juu huku tukiomba bahari isichafuke. Kijana kaamua watu wake wauvuke kwa chini. Ndiyo maana likahitaji deraya: hakuna wa kulipiga risasi huko, ila kila mita 10 unazoshuka maji huongeza mkandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, sasa zidisha mwenyewe mpaka ufike chini kabisa. Kuta nene, madirisha madogo ya duara, mlango wa kufungwa kwa gurudumu. Kila kitu kina sababu yake, na bado!

Usije ukasema haya ni ya ndotoni tu, kisiwa hiki hakina uhusiano na hadithi za sayansi. Kule Makangale, kaskazini kwetu, hoteli ya Manta ina chumba kinachoelea baharini tangu 2013, kitanda chake kiko mita 4 chini ya maji, mgeni analala huku samaki wanampita dirishani. Ipo Pemba hiyo, na watu wanalipa kulala humo. Kwa hiyo kijana wa Wete akiamka asubuhi akabuni deraya ya kushuka mkondoni, mimi simuoni kuwa kaenda mbali. Namuona kaendelea pale pale.

Lakini kilichonifanya nipige kelele pale barazani, mpaka mama mmoja wa jirani akachungulia kujua kuna nini, ni vipimo. Vipimo! Sikudhani kama iko siku nitasisimkwa na vipimo kiasi kile.

Hebu fikiria kwanza wenzetu wanavyofanya. Filamu ya Star Wars ilipotoka 1977, kampuni ya Marekani ya Kenner ilikuwa na kazi ya kutengeneza vijisanamu vya wahusika wake. Wakati huo wanasesere wengi wa kiume walikuwa wakubwa, wengine wa urefu wa futi nzima. Kenner wakaona kwamba ukimtengeneza mtu wa futi nzima, basi chombo chake cha kurukia angani kitakuwa kikubwa kuliko kitanda cha mtoto, nani atakinunua? Wakamshusha mtu mpaka inchi tatu na robo tatu, apate kuingia kwenye chombo. Yaani mtu ndiye aliyepunguzwa kwa ajili ya gari! Na hata hivyo hawakufaulu sawasawa, maana yale madude ya kivita ya miguu minne ya filamu ya 1980, yaliyotoka kama vifaa vya kuchezea mwaka uliofuata, ukiyapima kwa urefu wa vijisanamu vyake yangepaswa kusimama juu kuliko meza ya kulia. Yakaminywa. Au chukua Tamiya wa Japani: mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza modeli ya kifaru cha Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri. Wakaangalia betri na mota zinaenea wapi, kifaru kikatoka moja kwa thelathini na tano, na kipimo hicho cha 1/35 leo kimekuwa sheria ya dunia nzima ya wapenzi wa modeli za kivita. Betri ndiyo iliyoamua!

Kijana wa Wete kaanza na mtu.

Kachukua vijisanamu vyake, vya ukubwa ule ule wa akina Kenner, vilivyookotwa kwenye marobota ya mitumba, kavitazama, kisha akafanya kitu ambacho nilipoonyeshwa nilinyamaza kabisa, mimi nisiyenyamaza. Kampima baharia mmoja kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Kampima dhiraa! Dhiraa yake yeye mwenyewe, yule mtu mdogo! Akakata kijiti cha chelewa kutoka kwenye fagio, akakitia alama kwa wembe: dhiraa moja ya baharia hapa, shibiri yake hapa, nusu ya dhiraa, pima yake huku mwisho, dhiraa nne, yaani mikono yake ikinyooshwa pande zote mbili. Na nyanda zake, vialama vidogo vidogo vya milimita moja moja ambavyo lazima uvitafute kwa kucha. Basi! Kijiti hicho ndicho kilichojenga gari zima. Hakuna kikokotoo, hakuna mahesabu ya kugawa na kuzidisha usiku kucha. Wazee wa banda la vyombo wanajenga mashua na majahazi kwa dhiraa na shibiri bila kuchora chochote, na yeye kawafanyia watu wake wa plastiki vile vile walivyofanyiwa wavuvi wa Kojani.

Nimekiomba kile kijiti nikakishika. Chepesi, laini kwa kushikwashikwa, kina weusi kidogo pale kinapokamatwa. Nikaanza kupimapima kila kitu kama kichaa. Kiti: dhiraa moja kutoka sakafuni. Sasa jipime wewe hapo ulipokaa, goti lako liko juu kiasi gani kutoka chini? Dhiraa yako moja, au karibu yake sana. Mlango wa nyuma: pima moja na nyanda chache, baharia anapita wima na kofia yake ya chuma kichwani. Unene wa mlango: nyanda nne! Nyanda nne za deraya tupu, na unapoufungua unauona ule unene ubavuni, unajua hapa maji hayapiti. Kisha akaniambia, "Kaka, hebu lipime kwa mkono wako." Nikauweka mkono wangu kando ya gari. Kiwiko kwenye kioo cha nyuma, ncha ya kidole kwenye pua. Dhiraa yangu moja kamili. Na kwa dhiraa yao wao ni kumi na nane! Hapo ndipo nikaielewa skeli ya 1/18 kwa ngozi yangu, mimi niliyesomeshwa skeli kwa ramani za 1:50,000 na sikuihisi hata kidogo. Dhiraa yangu moja, dhiraa zao kumi na nane. Basi! Imeingia na haitoki.

Ndani sasa. Ndani! Fungua mlango wa juu, una bawaba za spoku za baiskeli, halafu uinamishe uso. Harufu inakupiga kabla ya kitu chochote: karafuu. Karafuu kavu, kali, tamu, ya msimu. Nikafikiri labda kalipaka mafuta. La! Zile gia zote, vile vijiti vya kuendeshea vilivyopangwa mbele ya dereva, ni makonyo! Makonyo ya karafuu, yaleyale yanayopelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta, kayachagua moja moja yaliyonyooka, yenye kifundo juu, kayapaka rangi nyeusi chini na kuuacha mti wenyewe uonekane juu, yakawa vijiti vya gia vya dhiraa moja na kidogo, hasa pale mkono wa dereva unapotua. Nimekisukuma kimoja kwa ncha ya ukucha. Kinakwenda! Kinakwenda mbele, kinarudi, kina ugumu wake, kina klik ndogo ambayo unaihisi zaidi kuliko kuisikia. Na mkono wa kijisanamu, ule mkono uliofinyangwa kiwandani ukiwa umekunjwa kushika bunduki, unakikamata kikonyo kile kana kwamba ulizaliwa kukikamata. Nilicheka peke yangu. Na bado!

Nafasi ya abiria huko nyuma imepimwa kutoka kwenye daladala zetu za Chake na Wete. Mabenchi mawili yanatazamana, magoti kwa magoti, bomba la kushikia juu, na sehemu ya kutia mizigo chini ya benchi. Ukiwaketisha mabaharia sita wanabanana vizuri kabisa, mabega yanagusana, hakuna anayeanguka, na huwezi kumtia wa saba isipokuwa asimame. Hicho ndicho kipimo cha ukweli! Wabunifu wengi wa magari ya hadithi za sayansi wanachora ganda zuri la nje halafu ndani wanaweka ukumbi wa harusi. Hata filamu kubwa zimefanya hivyo. Chombo maarufu cha Millennium Falcon, vyumba vyake vya ndani vilivyojengwa studio havienei kwenye umbo lake la nje, na mashabiki wanahangaika nalo mpaka leo. Deraya ya Wete ndani yake iko ndani ya nje yake. Naliandika hili kwa furaha kubwa mno.

Mwili ni boksi ngumu zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, juu yake bati la kopo la maziwa lililokatwa, likapigwa msasa, likapakwa rangi ya kupuliza ya kijani iliyokolea, kisha likachubuliwa pembeni pembeni pale ambapo mikono ya watu ingeshika kila siku. Liguse. Baridi! Unategemea plastiki, unakutana na ubaridi wa chuma, na uzito pia, uzito mtamu unaokaa kiganjani na kukuambia hiki ni kitu. Magurudumu ni soli za ndara, mbili mbili zimegandishwa, zikachongwa duara, zikachorwa meno kwa chuma cha moto. Shibiri nne na kitu kwa kimo, yaani yanamfika baharia juu kidogo ya kiuno, kama tairi la lori linavyokufika wewe. Bonyeza paa kwa kidole: linashuka! Achia: linapanda, taratibu, linajitingisha mara moja, linatulia. Springi za kalamu, sahibu! Springi za kalamu za wino chini ya kila gurudumu. Nimelibonyeza sijui mara ngapi, kijana ananitazama tu.

Mlango wa nyuma unafungwa kwa kipande cha sumaku ya spika ya redio mbovu. Tap! Sauti fupi, nzito, yenye kushiba. Fungua, tap. Fungua, tap. Kuna vitu mtu anajenga kwa macho, huu mlango kaujenga kwa sikio.

Halafu vumbi. Hapa nataka unielewe sana maana hili ndilo lililonimaliza. Gari limechafuliwa, kama modeli zote nzuri zinavyochafuliwa, zionekane zimefanya kazi. Mimi nikauliza kwa nini asichukue mchanga mzuri wa Vumawimbi akaunyunyiza kwenye matairi, mchanga mweupe, laini, wa kwetu. Akanyanyua punje moja, akaiweka karibu na mguu wa baharia. Jamani! Lilikuwa jiwe. Punje ambayo mimi siioni nikikanyaga, kwake yule ni kokoto ya kumkwaza. Kwa hiyo hata vumbi kalipima! Kaponda tofali, kachekecha kupitia kitambaa cha leso, kachekecha tena, mpaka likawa ungaunga usioshikika, ndipo akalipaka kwa brashi kwenye mikunjo ya chuma na chini ya milango. Ukiangalia kwa karibu unaona tope la chini ya bahari lililokauka. Ukiangalia kwa mbali unaona gari lililorudi safari. Nani anafikiria mambo haya? Kijana wa Wete anafikiria.

Nikadhani nimemaliza, nikasimama nikapangusa magoti. Akaniambia nisubiri. Akaingia ndani akatoka na samaki.

Samaki wa mti, kachongwa, mnene, mapezi yake yana mikono, magamba yametiwa doa jeupe moja moja. Silakanti! Yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alishatoweka mamilioni ya miaka iliyopita, akavuliwa Afrika Kusini 1938, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 akawa anaonekana kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga, ng'ambo ya mkondo huu huu. Sasa kamweka kando ya gari, na kando ya samaki kamsimamisha baharia. Samaki na mtu, kimo kimoja! Maana silakanti mkubwa anakaribia mita 2, na hapa kakatwa kwa kijiti kile kile cha chelewa, pima moja ya baharia. Nywele zilinisimama. Kwa mara ya kwanza nikaona gari, mtu na mnyama vyote ndani ya dunia moja, na ile dunia ikawa na kina, ikawa na giza, ikawa na baridi. Kisha kijana akabonyeza kitu chini ya gari, na vitaa viwili vya tochi mbovu vikawaka mbele, vikamulika jicho la samaki. Na bado, na bado!

Mabaharia wenyewe kawabadilisha. Nyuso kazipaka upya, kahawia za namna mbalimbali kama tulivyo sisi. Nahodha ni mwanamke, mtandio wake umechomekwa shingoni mwa suti, mikunjo yake imetengenezwa kwa karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi, myembamba ajabu, maana kitambaa cha kweli kingemkaa kama godoro. Unaona? Hata nguo ina kipimo. Nilimshika yule nahodha kwa vidole viwili, nikamweka kwenye kiti cha mbele, nikafunga mlango wa juu, nikalala tena kifudifudi kumtazama kupitia dirisha lililokatwa kwenye chupa ya maji. Macho yake yako katikati ya kioo hasa. Anaona anakokwenda. Mwandishi Katama Mkangi alimpeleka Dzombo kwenye nchi ya ajabu katika riwaya yake ya Walenisi, 1995, na msomaji akaenda naye kwa maneno. Huyu nahodha kapewa gari la kwenda nalo.

Maoni yangu, na nayasema kwa moyo mmoja: hii ndiyo modeli bora ya gari la kubuni niliyowahi kuitia mkononi, na naziingiza humo zile za maboksi ya dukani zenye picha za kung'aa. Zile zina umaliziaji safi zaidi, sikatai, mistari yake imenyooka kwa mashine. Lakini nyingi kati yake, ukimweka mtu kando, unaona gari na mtu ambao hawajawahi kukutana.

Sasa wewe. Usikae hapo unashangilia tu, lazima ujaribu! Tafuta kijisanamu chochote ulichonacho nyumbani, cha mtoto, cha mitumba, cha mchezo wa mezani. Ila kimoja nakuomba: usimpime kwa kichwa. Vijisanamu vingi, hasa vile vidogo vya milimita 28 vya michezo ya vita, vimetiwa vichwa vikubwa na viganja vikubwa ili vionekane vizuri mezani, vitakudanganya. Mpime kutoka unyayo mpaka usawa wa macho, ndipo ujue dirisha likae wapi. Mpime goti, ndipo ujue kiti. Mpime dhiraa, uiandike kwenye chelewa. Ganda la nje la gari liache mpaka mwisho kabisa, likunjwe kumzunguka yeye. Na kama uko Pemba au unapita Pemba, fika Wete, ulizia kwa mafundi wa vyombo, utaonyeshwa. Mwombe ulifunge ule mlango wa nyuma mwenyewe, kwa mkono wako. Nenda wiki hii, kabla hajaanza kulipasua, maana kaniambia anataka kulirefusha kwa dhiraa mbili za baharia apate kuweka jiko.